Mkutano wa Chanzoni

Bagara, Babati
8 Juni 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu anapokea kaka Elibariki, anaweka sauti ya nje, na uwanja mzima unajua habari zetu kabla wewe hujaifikia simu. Barua hii nimempa Rama wa bodaboda, yule anayeleta magunia ya pumba huko Mutuka. Kila akija atapita kwako, na wewe umpe majibu.

Nina habari njema na nimeipigania mwenyewe. Unakumbuka mradi wetu wa kulinda vyanzo vya maji ulivyokuwa unafanya mikutano mjini, kwenye ule ukumbi wenye feni? Mwaka mzima waliokuja ni wale wale, wanaume wenye pikipiki. Mwanamke wa Mutuka ataacha jembe, atafute nauli, akakae chini ya feni kusikiliza habari za chanzo kilicho nyuma ya nyumba yake? Nikamwambia bosi wangu, Bwana Theodory, tuwafuate watu waliko. Alibisha sana, mwishowe amekubali. Mikutano mitatu yote itafanyika hapo hapo chanzoni, watu wakiwa wamesimama penye maji yao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili linakugusa. Sheria inasema ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo hakuna kulima. Bustani yako ya vitunguu iko ndani. Tutaweka bikoni za mpaka, tutazungushia seng'enge, na mfereji wako utazibwa. Lakini nyumba itakayoingia kwenye kikundi itapewa kipande cha kulima kule chini, bomba la kumwagilia, na mizinga ya nyuki. Sharti ni moja tu, mtu wa nyumba hiyo awe amefika kwenye mkutano, hata mmoja kati ya mitatu. Nyumba isiyofika kabisa inahesabiwa imekataa. Njoo wewe, au Elibariki, au wifi Skolastika, yeyote. Sitaki kusikia bustani iliyonisomesha imekauka.

Halafu nitumie maziwa ya mgando kwa Rama. Chakula cha hapa mjini kinanishinda siku hizi. Vitunguu usinitumie kabisa. Jirani akivikaanga tu, nakimbilia nje.

Wako,
Anjela


Mutuka
15 Juni 2024

Mwanangu Anjela,

Marahaba. Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango.

Umefanya vizuri kuwakumbuka watu wa huku. Ule ukumbi niliuingia siku moja tu nikatoka na mafua. Lakini nikuulize, mbona mkutano usifanyike mashineni? Pale kwenye mashine ya kusaga pana uwanja, pana kivuli cha bati, ni njiani, kila mtu anapita hata asiyetaka. Chanzoni kuna utelezi. Lifikirie hilo.

Maziwa hayapo. Ng'ombe amekauka. Jaribu ya dukani.

Elibariki yupo, haongei sana. Mkewe Skolastika anakusalimu. Mwezi uliopita hakuwa anajisikia vizuri, sasa anatembea.

Wewe kula kidogo kidogo. Ndizi mbivu asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Usinyanyue vitu vizito, na usipande pikipiki kuja kutusalimia, barabara ni mbaya. Tukipata nafasi tutakuja sisi.

Mama yako mdogo,
Mektilda


Bagara
7 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mikutano miwili imepita na nyumba yako haijaonekana.

Jana nilikuwa nimesimama kwenye lile jiwe la kufulia nikieleza habari za miche, nikakuona juu kwenye njia ya ng'ombe na ndoo kichwani. Ulikuwa unatoka lamboni. Nikajiambia nimekosea, mtu mwenye chanzo nyuma ya nyumba atafuata nini kwenye tope la lambo, tena mbali vile? Nikaita. Ulisimama, nikajua umesikia, kisha ukanipa mgongo ukaenda. Watu wote waliona. Nikawauliza majirani, Mama Elibariki ana nini? Mama Otilia akainama kuangalia maji. Mwenyekiti akaanza kuongea habari za mbolea.

Tukiwa kwenye gari Bwana Theodory akaniambia, kwa utani ambao haukuwa utani, "Anjela, unataka tuwafikie watu wa vijijini, na wa kwenu wanakukimbia." Nilicheka. Nilipofika nyumbani nililia.

Mashineni haiwezekani. Nia yetu ni watu wayaone maji wanayotakiwa kuyalinda, si waje kutazama pumba. Na utelezi hakuna tena, tumepanga mawe.

Kuna lingine. Rama anasema ng'ombe wenu hajakauka. Amemwona Elibariki kwa macho yake akimimina maziwa kwenye bakuli la mbwa. Sikutaka kuliandika, lakini limenikaa rohoni. Jumamosi nakuja tuongee ana kwa ana.

Anjela


Mutuka
10 Julai 2024

Anjela,

Usije. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Ukija utakuta mlango umefungwa na hakuna atakayekuitikia.

Mambo ya maziwa achana nayo. Rama naye mwambie avae helmeti yake mpaka mdomoni.

Bado mkutano mmoja. Kama unaweza kuupeleka mashineni, upeleke. Kama huwezi, basi.

Mektilda


Bagara
4 Agosti 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sikuja. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nikavivua.

Mkutano wa tatu ulifanyika jana. Nilichelewesha kuanza kadiri nilivyoweza. Nilimwomba mwenyekiti afungue kwa sala, na yeye kwa sala ana pumzi ndefu, lakini hata yeye alifika amina. Hamkutokea. Nilimpigia Elibariki, akasema, "Andikeni mnavyotaka," akakata. Basi imeandikwa kwamba nyumba ya Mama Elibariki imekataa, na mwandishi ni mimi. Kikundi kitakaa mara moja tena kabla ya mafundi kuja. Hapo ndipo mwenye neno anaweza kulisema, baada ya hapo ni seng'enge.

Ngoja niseme ninachofikiri, maana nimechoka kukizungusha. Nina mimba. Ya Simon, yule mwenye bajaji niliyekuambia habari zake wakati wa Pasaka. Hatujafunga ndoa, padri anataka tumalize mafundisho kwanza. Najua habari imekufikia, Babati hii haina siri. Najua sasa kwa nini ulinipa mgongo mbele za watu, na kwa nini mbwa anapewa maziwa na mimi naambiwa ninunue dukani. Nimekuaibisha. Haya, nimekubali. Lakini niadhibu mimi. Usiiadhibu bustani yako, wala Elibariki na mkewe, wakose pa kulima kwa sababu umenikasirikia mimi.

Imeniuma, mama mdogo. Wewe ndiye uliyenilea. Nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza kunifungulia mlango.

Anjela


Mutuka
9 Agosti 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisomea jikoni, machozi nikayasingizia moshi.

Mimba yako niliijua tangu mwezi wa sita. Mtoto niliyemlea kwa vitunguu ananiandikia nisimtumie vitunguu, niwe mjinga kiasi gani nisijue? Nilifurahi. Mambo ya padri ni yenu wawili, mtayamaliza. Sijakuonea aibu hata siku moja.

Sasa nisome taratibu. Mwezi wa tano Skolastika alijifungua kabla ya wakati wake na mtoto hakulia. Hatukukupigia simu wala hatukuita watu, kwa sababu kwa mila yetu huo si msiba wa kuitia watu. Wewe ulikulia bwenini, mambo haya hukuyaona. Nyumba iliyopatwa na jambo hilo inakaa pembeni. Haikanyagi maji wanayochota wengine. Haiingii uani kwa mtu. Chakula chake halishwi mtu mwingine. Na zaidi ya yote haimsogelei mwenye mimba, maana kilichotupata sisi kinaweza kumfuata yeye. Barabarani tunapita, mashineni tunasimama nyuma ya wenzetu, hakuna anayesema neno. Chanzoni hapana.

Kwa hiyo tunachota lamboni. Kwa hiyo mbwa ananenepa kwa maziwa. Siku ile ulipoita ulikuwa umesimama mkono kiunoni, tumbo limeanza kusema, na mimi nilikuwa namwomba Mungu upepo usitoke upande wangu.

Utaniuliza itaisha lini. Sijui. Zamani mzee Melkiadi alikuwa anakuja na maji na majani yake, anaizunguka nyumba, basi, mnarudi kwa watu. Mzee Melkiadi alifariki mwaka juzi na hakumwachia mtu kazi hiyo. Katekista anasema hayo ni mambo ya giza, tusali tu. Tunasali. Lakini majirani hawajaniambia karibu, na mimi siwezi kujikaribisha. Elibariki anasema haamini, ila hataki mke wake apelekwe kuangaliwa na watu.

Hizi barua nazo nilizifikiria sana, kama ni sawa na chakula au vipi. Nikaona karatasi haina neno. Hata hivyo nanawa kabla sijaandika.

Mama yako mdogo,
Mektilda


Bagara
16 Agosti 2024

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Simon alinikuta nimekaa sakafuni na barua yako, akadhani mimba imeniletea shida. Sikuweza kumweleza kwa haraka.

Pole. Mpe pole wifi Skolastika, na kaka. Nisamehe yale ya mbwa. Nimejiona mjinga. Niliwatoa watu kwenye ukumbi wenye feni, nikajisifu ofisi nzima, nikawapeleka mahali pekee katika Mutuka yote ambapo nyumba yako haiwezi kukanyaga. Wewe ukaniambia mashineni, mara mbili, mimi nikakujibu habari za pumba.

Bado tunaweza kuiokoa bustani. Nimemuuliza Bwana Theodory bila kutaja jina. Anasema nyumba yenye sababu ya kweli inaweza kupokelewa, lakini sababu isemwe siku ya kikundi, mbele ya wote, na nyumba itajwe, wasije wakasema napendelea ndugu. Nitaisema mimi mwenyewe. Ni maneno machache tu, kwamba nyumba ya Mama Elibariki ilipoteza mtoto. Hakuna atakayebisha, maana wanajua tayari. Mtapata kipande kule chini na bomba, na mfereji nitawaomba mafundi wasiuzibe mpaka mvune. Niruhusu. Muulize na wifi.

Kuhusu hilo la kunifuata, kliniki wanasema mimi na mtoto hatuna tatizo. Sisemi unalolilinda ni bure. Sijui, mama mdogo. Nikiwa ofisini siliamini, nikilala naliamini kidogo. Lakini nakuhitaji karibu kuliko ninavyoliogopa.

Anjela


Mutuka
22 Agosti 2024

Mwanangu,

Ukiniuliza mimi, ningekuambia sema. Vitunguu vimeanza kukaza vichwa, na kwa umri wangu nitaanza upya wapi? Elibariki alisema sema, baadaye akasema usiseme, akatoka nje. Lakini mtoto hakuwa wangu mimi. Kalamu nampa mwenye mtoto.

Wifi Anjela, asante kwa pole yako. Ni ya kwanza kupewa. Huku wote wanajua ila hakuna aliyesema. Mama Otilia nikikutana naye njiani ananisalimia kama zamani, halafu anavuka upande wa pili polepole, nisione kwamba anavuka. Namshukuru hata kwa hilo. Sasa ukisimama pale penye maji ukalisema, mtoto wangu atakuwa sababu ya bomba. Kila bomba likifunguliwa watamkumbuka kwa hilo. Mimi nilimpa jina, sijamwambia mtu, hata Elibariki. Sitaki aingizwe kwenye mambo ya kikundi. Najua mama anaipenda bustani na ninaumia kumnyima. Lakini naomba unyamaze. Skolastika.

Basi umesikia. Nyamaza, mwanangu.

Mektilda


Bagara
29 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Nilinyamaza.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu nyumba zilizokataa. Bwana Theodory akaniangalia. Watu wote pale chanzoni walijua, na wote walikuwa wananingoja mimi. Nikasema hakuna. Mama Otilia alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, na mimi nikamchukia kwa sababu ya pumzi ile, wakati kosa ni langu. Wiki iliyofuata mafundi walikuja na seng'enge. Mfereji wako waliuziba kwa saruji na mimi ndiye niliyesimamia. Vitunguu vyako niliviona nikiwa getini, majani yamelala.

Nimemwambia Bwana Theodory kwamba katika vijiji vinavyofuata, kabla ya kuchagua mahali tutauliza kwanza ni wapi ambapo watu wengine hawawezi kufika, na mtu asiulizwe kwa nini. Akasema hiyo si hoja ya kitaalamu. Nikamwambia aiandike hivyo hivyo. Kijiji cha kwanza tulikutana kwenye uwanja wa mashine. Walikuja wanawake wawili ambao mwenyekiti wao alishangaa kuwaona. Walisimama nyuma mpaka mwisho, na majina yao tuliandika kama ya wengine.

Hilo halikurudishii bustani, najua. Nalala nikiiona.

Jumapili ijayo baada ya misa nakuja. Nitapitia chanzoni, ufunguo wa geti ninao, nichote ndoo moja ya maji yenu nikuletee. Simon anasema hapana. Nimemwambia yeye kazi yake ni kuendesha bajaji polepole. Usinijibu barua hii, maana najua utakachosema.

Anjela


Mutuka
7 Oktoba 2024

Mwanangu Anjela,

Jana ulikuja. Nilisikia bajaji, nikasikia unamwambia Simon aiweke ndoo mlangoni akangoje barabarani. Ulibisha hodi muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo. Nilikusikia unavyohema, ndivyo inavyohema mimba ya mwezi wa saba. Uliniita mama, hukusema mdogo. Nilitaka kufungua nikushike tumbo, Mungu anajua nilivyotaka. Sikufungua. Kama nimekosea, nitamjibu yeye. Lakini huyo mtoto wako akizaliwa analia, sitajuta.

Ulipoondoka nilitoka. Ndoo ilikuwa imefunikwa kwa kanga yako. Tangu mwezi wa tano sijayaonja maji yale. Mimi nikasema tuyanywe, Elibariki akasema tuyagawe, mengine anywe ng'ombe, mengine tumwagilie vitunguu vilivyobaki. Tukiwa tunabishana, Skolastika akaichukua ndoo, akaenda nayo nyuma ya nyumba, pale tulipomlaza mtoto, akaimwaga yote taratibu mpaka tone la mwisho. Halafu akakaa chini akalia kwa sauti. Hakuwa amelia tangu siku ile. Alimwita mtoto jina lake na sisi tukalisikia. Sitakuandikia, atakuambia mwenyewe.

Kilio kilifika kwa jirani. Mama Otilia alikuja mbio akasimama nje ya uzio wetu. Hakuingia na hakuondoka. Alisimama hapo mpaka Skolastika alipotulia, ndipo akasema, "Poleni." Akarudi kwake. Leo asubuhi amepita tena njiani na hakuvuka upande wa pili. Sijui ndiyo imeisha au haijaisha. Hakuna wa kumuuliza.

Bustani imekufa. Nimeng'oa vilivyobaki kwa kupenyeza mkono chini ya seng'enge, ni vidogo, havifiki hata kuuzwa. Nimevifunga kwenye kitambaa nivitunze, maana ukishajifungua utavitamani tena.

Ndoo yako nimeisugua kwa majivu nikaitundika kwenye uzio, upande wa barabara. Usimtume Rama. Njoo uichukue mwenyewe, ukiwa na mtoto mgongoni.

Mama yako,
Mektilda